Meku na Darasa Lililogeukia Ukuta

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Asanteni, lakini hebu fikirini wenyewe: mtu anastaafu ili asiangalie saa, nyie mnampa saa. Nimeitundika jikoni na inanisuta kila nikichelewa kuinjika mtori wa ndizi. Halafu mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kufundisha kisomo, ati nyie mnaoshika chaki sasa mpate pa kuanzia. Haya. Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vya kupeana tu, na mshahara sitautaja kwa sababu haukuwapo. Tulikuwa watu wa kujitolea. Mume wangu mpaka leo ananiuliza mtu anastaafuje kazi ambayo hakuajiriwa. Namwambia ajaribu kunituma dukani aone kama sijastaafu.

Nilianzia Majengo, mjini Moshi, ruksa ya biashara ikiwa bado changa na mitumba ndiyo kwanza inaanza kumwagwa sokoni. Kampeni kubwa za kufuta ujinga zilikuwa zimeishiwa pumzi. Mabwana waliokuwa wakileta vitabu walipotea, na vitabu vikapotea nao, lakini watu wazima wasiojua kusoma walikuwa palepale. Darasa letu lilikuwa uani kwa mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku. Wanakisomo, ndivyo tulivyowaita wanafunzi wetu, walikuwa akina mama wa vitumbua, dobi mmoja, na fundi cherehani aliyekuwa akipima watu suruali kwa uzi wenye mafundo kwa sababu namba za futi kamba zilimgomea.

Siku ya kwanza niliingia na sauti ya mwalimu wa shule. "Hamjambo, darasa!" Jogoo peke yake ndiye aliyejibu. Mama mmoja, mtu wa kunizaa kabisa, akaniangalia toka juu mpaka chini. "Mwanangu," akasema taratibu, "kwenu watu wazima mnawaamkia hivyo?" Nilitamani niingie bandani nikae na kuku. Nikaanza upya: shikamoo mama, shikamoo baba, mmoja baada ya mwingine, na nusu ya kipindi ikaishia kwenye maamkizi. Nyie vijana mna haraka sana siku hizi. Msiruke maamkizi.

Aliyenilea kwenye kazi hii alikuwa Mwalimu Proti, mzee aliyestaafu shule ya msingi, mwembamba, mwenye koti moja la mvua na la kiangazi. Siku ile ya jogoo alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa mambo mawili ambayo sijayaacha. Kwanza, mtu mzima usimwekee mkasi mwekundu wa kosa kwenye daftari lake. Ana wajukuu, atalificha wapi wasilione? Pili, anza na jina lake mwenyewe. "Hakuna mtu anayesinzia wakati jina lake linaandikwa," alikuwa akisema. Basi kila mwanakisomo wangu alianza na jina lake, na mwaka baada ya mwaka utaratibu huo haukuniangusha. Nikauamini kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Kuhusu vifaa: ubao tulitengeneza wenyewe, bapa la mbao tulilopaka masizi na unga wa betri kuukuu uliokorogwa na maji ya majani. Ukilowa unatoa harufu mbaya kuliko maelezo. Lakini kifaa kilichofanya kazi kuliko vyote ni miwani. Mnashangaa? Nusu ya watu niliowaona wakiitwa wazito wa kichwa hawakuwa wazito wa chochote, walikuwa hawaoni. Tulikuwa tunachambua miwani kwenye lundo la mitumba, tunaiweka kwenye kopo, na kila mwanakisomo anajaribu mpaka apate inayomwonyesha herufi. Darasa zima lilikuwa linafanana na kikao cha wazungu wazee. Mkianza darasa jipya, kabla ya chaki tafuteni miwani.

Kisha mume wangu akapunguzwa kiwandani, tukahama mjini tukapanda kwao Kirua Vunjo, kwenye kihamba cha ukoo, migomba juu na kahawa chini yake. Nilipanda na ubao wangu kichwani. Wanawake wa ukoo waliponiona wakadhani nimeleta mlango.

Darasa la Kirua lilikaa kwenye stoo ya kahawa ya mzee mmoja ambaye katika habari hii nitamwita Meku tu, yaani mzee wa heshima. Jina lake silitaji, na sababu inakuja. Kahawa ilikuwa imelala bei, stoo imebaki na magunia matupu na panya, Meku akaturuhusu kuitumia kwa sharti kwamba panya tuwafukuze sisi. Tulikuwa tunakutana alasiri, akina mama wakishatua mizigo ya majani ya ng'ombe. Na aliyekuwa wa kwanza kufika kila mara, majani bado yamemganda kwenye kilemba, ni mke wa Meku, Mama Gaspari.

Mama Gaspari alikuwa mfupi, mcheshi, na mbishi wa herufi. Meku alikuwa anapita nje ya stoo makusudi, anasimama mlangoni na panga lake la migomba. "Mama Gaspari, unasomea udiwani?"

"Nasomea uaskofu," anajibu bila kuinua kichwa. "Nenda ukamkamulie ng'ombe wako."

Alisoma mpaka akaweza. Akanunua kitabu cha sala, na kila jioni baada ya chakula akawa anaisomea familia. Mkwe wake Filomena, aliyeolewa na Gaspari, alinieleza kwamba Meku alikuwa anakaa pembeni amefumba macho, anakoroma kidogo ili watu wajue kwamba hayamhusu. Lakini Mama Gaspari akiruka mstari, mkoromo unakatika: "Umeruka." Alikuwa ameshika kitabu kizima kwa masikio.

Huyu Filomena ndiye mwalimu wa kujitolea bora kuliko wote niliowahi kuwapata. Alimaliza darasa la saba, mwandiko wake umenyooka, na alikuwa na subira ambayo mimi Mungu aliniruka nayo. Madarasa yalipoongezeka nikamwachia la Kirua, mimi nikawa wa kuzunguka. Mnaponisifu kwamba nilijua kuchagua watu, mnamsifu yeye.

Mama Gaspari aliugua muda mfupi akafariki. Naandika hivi kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Tulimzika kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Baada ya wageni kuondoka, Filomena alijaribu kusoma zile sala za jioni, Meku akamkataza kwa mkono. Ikawa wanakula, wanakaa kimya, wanalala. Miezi ikapita hivyo. Ndipo Jumapili moja, baada ya misa, Meku akanisubiri nje ya kanisa, kofia mkononi.

"Mwalimu, kile kitabu cha Mama Gaspari kimenyamaza sana."

Nikamwambia pole.

"Pole nimeshapewa nyingi. Nataka kusoma. Misa ya kutimiza mwaka tangu afariki itasomwa nyumbani. Lile somo la kwanza nalitaka mimi. Si kukariri, kusoma! Yeye alisoma kweli, siwezi kumfanyia mchezo."

Jamani, mtu aliyekuwa anasimama mlangoni na panga! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, nikaishia kupiga chafya. Nikamwambia yupo kijana mzuri ng'ambo ya mto anayefundisha wanaume. Akakataa. "Yule nilimwona anazaliwa. Atanifundisha nini?"

"Na Filomena ulimwona anaolewa."

"Mama Deo ni tofauti," akasema. Ndivyo alivyomwita mkwewe, kwa jina la mtoto. "Yeye alikuwepo. Anajua ile sauti ilivyokuwa ikisoma."

Nikampangia Filomena, nikashuka zangu mjini nikiwa na amani tele. Niliporudi, nikakuta darasa limekwama siku ya kwanza, kwenye jambo la kwanza. Jina.

Ukoo wetu ule ni wa mambo ya zamani. Mwanamke aliyeolewa pale hamtaji baba mkwe wake kwa jina, wala wazee wa rika lake. Anasema "baba", au "Meku", au anazunguka. Sasa Filomena amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, anatakiwa amfundishe baba mkwe jina ambalo tangu aolewe halijawahi kupita mdomoni mwake. Wanakisomo wenzake Meku wangesaidia, ila wote walikuwa wameolewa humohumo. Wananiangalia mimi. Na mimi je? Mume wangu ni wa ukoo uleule! Stoo nzima ya wanawake wenye akili timamu, na hakuna hata mmoja wa kutamka jina la mzee aliyeketi mbele yetu kwenye gunia.

"Basi tuanze na neno lingine, baba," Filomena akasema. "Tuanze na mbuzi."

Meku akakasirika. "Niandike mbuzi kabla yangu? Wote walianza na majina yao. Hata marehemu alianza na lake."

Shauri likaenda kwa wazee, yaani kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Swali lilikuwa: je, mkwe akiandika jina la mzee kwa chaki, ametaja? Nilisimuliwa yote na mzee mmoja wa rika la Meku, ambaye naye simtaji, mnaanza kuelewa taabu yetu. Wapo waliosema chaki haina mdomo. Wapo waliosema jicho nalo linasikia. Mmoja akauliza, na akilifuta, je, amemuua? Meku alitoa mbege ya kuwalainisha, wakalainika mpaka wakasahau swali, ikabidi waahirishe mpaka kitoke chungu kingine. Chungu kingine kikatoka, hukumu haikutoka. Mimi naamini wazee wale wangeweza kulijadili jambo hilo mpaka ulezi uishe mlimani.

Filomena hakuwasubiri. Alianza kumfundisha Meku vipande vya maneno mengine: kipande cha mgomba, kipande cha upawa wa kupakulia, kipande cha jina la ng'ombe wake ambaye, bahati nzuri, hakuwa na ukwe na mtu. Kila kipande alichohitaji mzee kilipita ubaoni kikiwa kimevaa nguo ya neno jingine. Nikawa nakaa nyuma naangalia tu, nimefunga mdomo, jambo ambalo mume wangu hakuamini nilipomwambia.

Alasiri moja, mvua inapiga bati, Filomena akaandika vipande vyote ubaoni, vimetawanyika. "Baba," akasema, "jina lako limo humu. Mimi silijui lilipo." Wanawake wakaguna kwa kicheko. "Wewe ndiye unayelijua. Likusanye uliandike pale chini. Sisi hatutaangalia."

Akageukia ukuta. Wanakisomo wote wakageuka. Na mimi, mratibu wa madarasa, mtu mzima na kitambulisho changu kifuani, nikageuka nikaangalia magunia. Tukasikia gunia la Meku likilia alipoinuka. Tukasikia chaki, kwa kwa kwa, kisha kimya, kisha anafuta na mkono wa koti, kisha kwa kwa tena. Mama mmoja akawa anatetemeka kwa kicheko, jirani yake akamfinya. Ilichukua muda mrefu. Halafu tukasikia mzee anavuta pumzi, na kusema polepole, kwa sauti ya chini, jina lake mwenyewe. Hakuna aliyegeuka.

Kisha akafuta. "Haya, geukeni."

Ubaoni palikuwa na vumbi tu. Meku ameketi, vidole vyeupe, uso umejaa tabasamu ambalo sikujua kama analo. Je, aliandika sawasawa? Sijui. Ni mwanakisomo pekee niliyempa alama zote bila kuiona kazi yake, na mkaguzi wa wilaya angekuja kuniuliza ningemwambia naye ageukie ukuta.

Baada ya hapo masomo yake yalikwenda mbio, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: kukariri. Ukimpa sala, anaitiririsha yote kwa kumbukumbu huku kidole kiko mahali pengine kabisa. Siku moja Filomena akampa kopo la dawa ya kahawa asome maelezo. Meku akavaa miwani. Hiyo miwani nayo ilikuwa ya kike, ina vimetameta pembeni. Alipoijaribu siku ya kwanza aliuliza, "Inaona?" Akajibiwa inaona. "Basi ni ya kiume." Sasa akaliinua kopo, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Ee Mungu wetu mwenye rehema..."

"Baba," Filomena akasema, "hiyo ni sumu ya wadudu."

Stoo ililipuka. Meku mwenyewe alicheka mpaka akaivua ile miwani akafuta macho. Toka siku ile Filomena hakumpa tena kitu anachokijua kwa masikio: alimpa magazeti ya kufungia sabuni, matangazo ya mnada wa ng'ombe, chochote kigeni. Wenzangu, mtu akikusomea vizuri sana, mpe kopo la dawa ya kahawa.

Siku ya misa ilipokaribia, Gaspari akaja kutoka Dar es Salaam na ndugu zake. Alipoambiwa nani atasoma, akanifuata mpaka kwangu, amevaa viatu vya mjini kwenye tope letu. "Shikamoo mwalimu. Tumpe somo mtu wa kwaya. Mzee akikwama mbele ya ukoo mzima hatatoka tena nje. Namjua. Atajifungia ndani mpaka afe."

Sitawadanganya, na mimi niliogopa hilohilo. Mzee yule alishapoteza mke. Akipoteza na heshima mbele za watu, atabaki na nini? Lakini kabla sijajibu, Filomena, aliyekuwa amekuja kuazima sufuria, akasimama mlangoni. "Baba Deo," akamwambia mumewe, "akiaibika, tumeaibika wawili, mimi ndiye mwalimu wake. Wewe ulitumwa mbuzi. Mbuzi yuko wapi?"

Gaspari akaenda kutafuta mbuzi.

Siku yenyewe kihamba kilijaa. Turubai, viti vya kukodi, mbege kwenye mapipa, mbuzi anageuzwa motoni. Paroko alikuwa amelichagua somo mwenyewe na hakumwonyesha Meku mapema, kwa ombi la Meku mwenyewe. Katekista alikaa ukingoni mwa kiti, tayari kumpokea akikwama. Meku akaenda mbele. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Alianza. Mungu wangu, alisoma polepole! Neno moja, anapumzika, neno jingine. Kuna neno refu alilizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya ugenini, katekista akainuka nusu, Filomena akamwangalia kwa jicho, akakaa. Gaspari alikuwa analowa jasho kwenye suti. Mtoto akalia, akapelekwa migombani. Nilikuwa nimeshika kanga ya jirani yangu nadhani ni yangu. Neno lile refu likafunguka. Akaendelea, mstari kwa mstari, na karibu na mwisho sauti ikapanda mbio kidogo, akamaliza.

"Neno la Bwana."

Tuliitikia kwa kishindo, nadhani kiliwaamsha ng'ombe. Katekista akainuka kwa ajili ya zaburi. Lakini Meku hakuondoka. Akainua macho juu ya miwani, akatafuta kati ya wanawake waliokuwa wamesimama karibu na jiko, mbele ya wazee wa rika lake, mbele ya watoto wake wote wa Dar.

"Mwalimu," akasema. "Nimekosea wapi?"

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo hata mara moja. Filomena alishika upawa kwa mikono miwili. "Hujakosea, baba."

"Sema kweli."

"Pale mwishoni uliharakisha."

"Nilitaka nimalize kabla sijalia," akasema Meku. Akakiweka kitabu sawa mkononi. "Basi hiyo ilikuwa yenu. Sasa yake."

Akampita paroko, akatugeuzia sote mgongo, akasimama akiangalia kaburi kati ya migomba. Paroko akabaki amesimama. Hakuna aliyekaa, mbuzi akaachwa aungue upande mmoja. Meku akarudisha kidole kwenye neno la kwanza na kuanza tena, na safari hii, mwishoni, hakuharakisha.